Nyumba ya wageni Bagamoyo: huduma njema, ila hodi ya nne ilizidi

Nililala usiku 3 katika nyumba ndogo ya wageni karibu na Mji Mkongwe wa Bagamoyo, nikiwa na rafiki yangu Myahudi kutoka Nairobi aliyechukua chumba cha jirani. Vyumba ni visafi, vyandarua havina tundu, na pweza wa nazi sina neno naye, ingawa rafiki yangu, ambaye dini yake inamkataza pweza, alijitosheleza kwa matunda.

Lawama yangu ni moja. Usiku wa kwanza, saa nne, mhudumu alikwenda kumpelekea rafiki yangu risiti. Hodi tatu zisipoitikiwa mtu huondoka. Yeye alipiga ya nne, akaingiwa na hofu kwamba mgeni amezidiwa, akaniamsha, tukafungua kwa ufunguo wa akiba. Rafiki yangu alikuwa ameketi kitandani, mzima kabisa, kidole mdomoni.

Asubuhi alitueleza. Kabla ya kulala Myahudi husoma Shema, yaani maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4 na kuendelea, akiyafunika macho kwa mkono wa kuume anapotamka aya ya kwanza. Wengi huongeza Zaburi ya 91, humsamehe kila aliyewakosea siku hiyo, na huwataja malaika wanne: Mikaeli kuume, Gabrieli kushoto, Urieli mbele na Rafaeli nyuma. Ipo pia baraka iitwayo Hamapili, iliyomo katika Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, ya kumhimidi Mungu anayeshusha vifungo vya usingizi juu ya macho na lepe juu ya kope. Wanaoshika desturi kwa ukamilifu, wakishaisoma hawasemi, hawali wala hawanywi mpaka usingizi uwachukue. Risiti ilifika baada ya Hamapili.

Mhudumu, ambaye mwenyewe halali bila Ayatul Kursiy, alielewa papo hapo na akaomba radhi. Tena aliposikia kwamba mgeni huamka kwa kunawa, akijimiminia maji kwa zamu mara tatu kila mkono, kuanzia wa kulia, jioni hiyo aliweka beseni na kopo la maji kando ya kitanda bila kuagizwa. Hoteli kubwa nilizowahi kulala hazijanifanyia mimi hata nusu ya hilo.

Natoa nyota nne kati ya tano. Atakayekwenda aombe chumba cha ghorofani, kwa kuwa vya chini vinapakana na jenereta, na alipe mapema.