CalculiX: programu ya bure kwa anayelenga utafiti wa mekanika ya kikompyuta

Kwa mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kufanya utafiti wa mekanika ya kikompyuta, CalculiX ndiyo programu ya elementi (inayokokotoa kwa kuligawa umbo katika vipande vidogo vinavyoungana kwenye nodi) tunayomshauri aanze nayo, na sababu si bei peke yake. Ni kweli ni ya bure chini ya leseni ya GPL, inayoruhusu kuitumia na kuibadilisha, na haimwekei mtumiaji kikomo cha nodi kama zifanyavyo programu za kulipia kwenye matoleo ya wanafunzi. Lakini ubora wake mkubwa ni uwazi: modeli nzima imo ndani ya faili la maandishi, na msimbo wake wa Fortran na C unasomeka mstari kwa mstari. Waandishi wake ni Guido Dhondt na Klaus Wittig, walioitengeneza wakiwa wahandisi wa kampuni ya injini za ndege ya MTU Aero Engines ya Munich, Ujerumani. Dhondt ndiye wa ccx, sehemu inayokokotoa. Wittig ni wa cgx, ya kutengeneza meshi (wavu wa vipande hivyo) na kutazama matokeo.

Faili la modeli huishia na .inp na amri zake huanza na nyota: *NODE, *ELEMENT, *MATERIAL, *BOUNDARY, *STEP, *STATIC. Mpangilio huo unafanana sana na wa Abaqus, programu ya kulipia ya aina hiyo, kwa hiyo ujuzi haupotei mtu akihamia maabara yenye leseni ya Abaqus. Ijaribu kwanza kwa boriti iliyobanwa upande mmoja: urefu mm 100, upana na kimo mm 10, kani ya N 100 kwenye ncha. Programu haina vizio vyake. Ukichagua milimita na newtoni, moduli ya Young ya chuma (kipimo cha ukakamavu wake) ni 210000, uwiano wa Poisson (kiasi kinavyosinyaa kiupana kikivutwa) 0.3, na densiti ni 7.85e-9, kwa kuwa tungamo sasa linahesabiwa kwa tani. Anayeandika 7850 atapata masafa ya mtetemo yaliyo chini mara milioni moja, na ccx haitamwonya.

Iendeshe kwa kuandika ccx na jina la faili bila .inp. Ncha ishuke karibu mm 0.19, na mkazo wa juu katikati ya urefu uwe MPa 30. Usiupime pale ilipobanwa. Hesabu ya mkono inatoa 60 hapo, lakini kubana nodi zote katika mielekeo yote mitatu kunazuia chuma kutanuka kiupana, hivyo mkazo wa kingo unazidi kupanda kila unapopunguza ukubwa wa vipande na hautulii.

Aina ya elementi ndiyo inayoharibu modeli nyingi kuliko kitu kingine. C3D4, tetra (kipande chenye nyuso nne) ya nodi nne, ni ngumu kupita kiasi: boriti itapinda kidogo kuliko inavyostahili, na picha ya rangi itapendeza vilevile, ndiyo hatari yake. C3D8, tofali la nodi nane, nayo hukakamaa kwenye kupinda, hasa vipande vikiwa virefu na vyembamba. C3D8I imerekebishwa kwa ajili ya kupinda. C3D20R, tofali la nodi ishirini, ndiyo chaguo letu kwa maumbo yanayogawika kwa matofali, na C3D10, tetra ya nodi kumi, kwa maumbo yenye mikunjo. Ukiona kosa la jakobiani isiyo chanya, yaani umbo la kipande limepinduka au kuharibika, kagua kwanza mpangilio wa nodi, kisha pembe za mviringo ambako nodi za katikati ya kingo zimevutwa hadi kipande kikajikunja. Punguza ukubwa wa meshi eneo hilo tu.

Elementi za ganda (za bamba jembamba) na za boriti, kama S8R na B32R, zinahitaji tahadhari ya pekee. CalculiX huzigeuza kuwa matofali ndani kwa ndani. Palipo na maganda yanayokutana kwa pembe, au unene unaobadilika ghafla, huunda fundo gumu, na idadi ya milinganyo huongezeka sana. Kwa fremu ya paa yenye vyuma mia kadhaa hatuipendekezi.

Mikazo katika faili la matokeo la .frd imepelekwa kutoka pointi za ndani ya elementi hadi kwenye nodi, kisha ikachukuliwa wastani. Mahali chuma kinapogusana na zege wastani huo hauna maana. Omba *EL PRINT usome thamani za ndani kwenye faili la .dat.

Kutengeneza meshi kwa cgx kunachosha mgeni. PrePoMax, programu ya kuandaa modeli za CalculiX kwa menyu, ni rahisi zaidi, ila ni ya Windows. Kwenye Linux, FreeCAD, programu ya kuchora maumbo, inaiita ccx yenyewe. Ukitumia Gmsh, programu ya kutengeneza meshi, futa elementi bapa za CPS zinazoandikwa kwa ajili ya nyuso, la sivyo ccx italalamika kwamba hazina materiali. Kwenye mgusano wa vitu viwili wa aina ya LINEAR, ugumu wa mgusano uwe kati ya mara 5 na 50 ya moduli ya Young, na kitu kinachoshikiliwa na mgusano pekee kifungwe kwa springi dhaifu, maana pengo dogo la mwanzo linatosha kukiacha kikielea.

Sasa suala la ajira. Nafasi za uzamivu katika fani hii hutaka mtu anayeweza kuthibitisha jibu lake. Weka ndani ya maombi yako grafu ya mkaribiano, inayoonyesha jinsi kosa linavyopungua: ukipunguza kipande kwa nusu, kosa la msogeo lishuke hadi robo kwa elementi za daraja la kwanza (zisizo na nodi katikati ya kingo), na hadi moja ya nane kwa daraja la pili (zenye nodi hizo), mradi umbo halina pembe kali za ndani. Kisha andika sheria yako ya materiali katika umat, sehemu ya msimbo iliyoachwa kwa mtumiaji, ipe materiali jina linaloanza na USER, na ujenge (compile) ccx upya kwa gfortran pamoja na SPOOLES na ARPACK, maktaba zake za hesabu. Soma faili la .cvg, linaloonyesha mizunguko ya kutafuta jibu, baada ya kila hatua. Mizunguko ikiwa mingi ingawa jibu ni sahihi, matriki ya ugumu unayoirudisha ina kosa la ukokotoaji wa nyambuo. Kazi hiyo moja, ikiandikwa vizuri na msimbo wake ukawekwa wazi, ina uzito kuliko vyeti vya kozi za kubofya menyu.

Kwa anayetaka kubuni mbinu mpya, mfano nyufa za faze-fildi (zinazoelezwa kwa mlinganyo wa ziada wa uharibifu), CalculiX itamkwamisha, kwa kuwa kuongeza mlinganyo mpya ni kupasua Fortran iliyosukwa kwa miaka mingi. Huyo aende FEniCS, programu ya kutatua milinganyo, aandike umbo dhaifu la mlinganyo (umbo lake la integrali) kwa Python, na aibakize ccx kama kipimo cha kulinganishia majibu ya unyumbufu wa kawaida.