Kempa yao iliniharibia Great Ocean Road

Sijawahi kusemeshwa vile na mtu niliyempa pesa yangu.

Mimi na mke wangu tulikodi kempa, gari la kulala lenye friji na sinki ndani, tupite Great Ocean Road, barabara ya pwani kule Australia, tukianzia Torquay. Ilikuwa mwaka juzi, baridi yao haijakaza. Siku ya pili, tukikaribia Apollo Bay, friji ikazima. Nikafungua bomba la sinki, hata tone, pampu kimya. Taa za ndani zikafifia zikawa nyekundu kama makaa. Lakini injini inawaka vizuri kabisa! Kempa ina betri mbili, ya injini na ya vitu vya ndani, na ukiendesha zote mbili zinapaswa kujaa. Ya ndani ilikuwa haipati moto.

Nikawapigia simu waliotukodisha. Aliyepokea hakuuliza hata tuko wapi. "Mliacha taa zinawaka usiku. Someni kijitabu." Nikamweleza kwamba tumeendesha tangu asubuhi. Akasema haya magari anayajua kuliko mimi, akakata.

Samaki na maziwa tukatupa. Mke wangu akaosha vyombo kwa maji ya chupa, namshikia tochi ya simu.

Kesho yake fundi mmoja wa pale aliinua kiti cha dereva, akavuta waya kwa vidole viwili, ukang'oka. Ncha yake imejaa kutu ya kijani. Kutu ile haikuota usiku mmoja! Barabara ile ilichongwa kwa sururu na makoleo na wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1919 hadi 1932, na hawa wameshindwa kukaza waya mmoja.

Ila haki isemwe. Kwa sababu tulilala garini Port Campbell, tulifika Twelve Apostles kabla ya jua, mabasi ya watalii hayajaja. Zile nguzo za mawe ya chokaa baharini zilitoka gizani moja moja, na pale ilipoanguka nyingine 2005 mawimbi yanapiga kifusi. Mke wangu alilia. Pale pale nikasema nitawapa nyota tatu, nne hata, yaishe.

Tuliporudisha gari wakakata dhamana yetu: eti friji inanuka samaki. Friji waliyoiua wao! Basi ni nyota moja, na msikodi kwao. Kempa kodini, njia ile nendeni, ila kwanza inueni kiti cha dereva mvute zile nyaya mbele yao.

Risiti ya fundi nimewatumia mara mbili. Hawajajibu.