Chai ya saa kumi London: skoni nimezivulia kofia, birika sitalisamehe

Nianze na birika, kwa sababu birika ndilo lililoharibu kila kitu. Maua, kinanda, vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi mpaka vina makali, hayo mtayaona kwenye picha zao wenyewe. Mimi nasema habari ya birika la kauri nene lililowekwa mbele yangu nikaweza kulikumbatia kwa viganja viwili bila kushtuka. Anayejua chai keshanielewa. Birika lenye chai iliyopikwa sawasawa hulishiki hivyo, unalishika kwa mkono wake na bado unaangalia vidole.

Hoteli siitaji. Ni moja ya zile kubwa za London ya kati, mlangoni amesimama bwana wa kofia ndefu, na chai ya alasiri ni pauni themanini na kitu kwa kichwa kabla ya ada ya huduma. Tulikwenda wawili, mimi na wifi yangu, miezi kadhaa iliyopita, siku ya mvua. Meza ni yako kwa saa mbili kasoro kidogo, na hapo hakuna cha mjadala, kwa hiyo ukichelewa dakika ishirini umezila mwenyewe.

Orodha yao ya chai ni kitabu. Ukurasa mzima wa mwanzo ni hadithi ya Anna, mke wa Duke wa Bedford (cheo cha juu cha kimwinyi huko), aliyekuwa akishikwa na njaa alasiri huko kwenye miaka ya 1840 akaanza kuagiza chai na vitafunio chumbani. Sawa, tumeisikia. Kisha Assam na Darjeeling za India, Ceylon ya Sri Lanka, Earl Grey yenye harufu ya ndimu ya bergamoti, ile ya Kichina iliyofukizwa moshi wa msonobari, na chai ya Kenya. Maneno ni mengi, asali huku, maua ya porini kule. Dakika ngapi majani yakae ndani ya maji, hakuna hata mstari mmoja.

Nikaagiza ya Kenya. Wifi akataka Darjeeling.

Sasa sikilizeni. Chai nyeusi inataka maji yanayotokota, si maji "ya moto". Kwanza unalipasha birika lenyewe: maji moto kidogo ndani, zungusha, mwaga. Halafu majani, gramu mbili na nusu kwa kikombe cha mililita 200; birika lile lilikuwa la vikombe vitatu, kwa hiyo gramu saba na nusu. Hapo unamimina maji yakiwa bado yanaruka, unafunika. Chai ya Kenya nyingi ni ile ya kusagwa na kuviringishwa na mashine ikawa punje, inatoa rangi na ukali haraka, dakika tatu zinatosha kabisa. Assam ya jani zima unaipa nne au tano. Darjeeling ya mavuno ya kwanza ni mtoto wa watu, maji yapoe kidogo, nyuzi 85 mpaka 90, dakika tatu. Na baada ya hapo, jamani, majani YANATOKA. Yanatolewa na kikapu chake, au chai inachujwa kuingia birika la pili.

Letu halikupashwa, na maji yalitoka kwenye mtambo ule wa baa ambao mara nyingi umewekwa chini ya kiwango cha kuchemka. Maji ya nyuzi 90 ukiyamimina kwenye kauri nene iliyotoka kabatini, kauri inameza joto lake papo hapo. Kikombe cha kwanza kikatoka na rangi ya majani makavu, hakina harufu, hakishiki ulimi. Wifi akaonja, akakirudisha kwenye kisahani polepole. "Wifi, hii chai imekufa au haijazaliwa?"

Na kwa kuwa majani yalikuwa yameachwa mle ndani yanaogelea, kikombe cha pili dakika kumi baadaye kikawa kichungu. Hili watu hawalielewi, wanadhani chai ikiwa hafifu dawa yake ni kuiacha ikae. Harufu na ule mchangamko vinataka maji makali vitoke mwanzoni. Vikikosa joto, havitoki vizuri. Tanini, zile zinazokausha mdomo, zenyewe hazina haraka, zinaendelea kutoka taratibu hata maji yakipoa. Kwa hiyo unapata vyote viwili kwa pamoja, uchanga na uzee kwenye kikombe kimoja.

Nikamwita mhudumu. Kwa adabu. Nikamwomba birika jipya, maji yanayochemka, na kikapu cha kutolea majani.

Akaondoka, akarudi na kijagi cha maji moto. Kijagi hicho kina kazi yake ya miaka na miaka: mgeni akiona chai yake kali anaipunguza nguvu kwenye kikombe. Kwenye kikombe! Yeye akafungua mfuniko wa birika langu na kumimina maji yote juu ya majani yaleyale yaliyokwisha kukamuliwa, kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia taratibu kwamba sivyo nilivyoomba. Akatabasamu lile tabasamu la kuwekewa mafunzo, akajibu kwamba wageni wao wengi hawalalamiki.

Wageni wengi hawalalamiki! Bwana we, wengi hawalalamiki kwa sababu wamevaa vizuri, wamelipa mapema, na wanaogopa kuonekana hawajui. Hilo si sifa ya chai yako.

Kilichotoka baada ya hapo kilikuwa maji ya kahawia yenye utando. Utando nao una sababu. Maji ya London yanatoka kwenye miamba ya chokaa, yana kalisi nyingi, na chai inayokaa muda mrefu inafanya ngozi juu, inayopasuka vipande ukigusa kijiko na kuacha mstari kwenye ukuta wa kikombe. Kipande cha limau kinaiondoa. Kuyachuja maji kabla ya kuchemsha ni bora zaidi, na nyumba inayouza chai kwa bei ile nilitegemea iwe na kichujio. Kikombe chenyewe kilikuwa cha kauri ile nyembamba ya majivu ya mifupa, ukikiinua kwenye taa unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Kizuri mno. Ndivyo nilivyouona ule mstari wa utando vizuri zaidi.

Toka hapo sikuona tena jema. Kinanda kilinikera. Mto wa kiti ulinikera. Sandwichi ya tango nikaipekua kama askari wa forodha, na nakiri kwa shingo upande kwamba haikuwa na kosa: tango lilikatwa jembamba likatiwa chumvi na kukaushwa maji, siagi ilipakwa mpaka ukingoni ili mkate usilowe. Samoni wa moshi mzuri. Mayai, kawaida. Kuku wa binzari, yule waliyemtunga kwa ajili ya kutawazwa kwa Elizabeth wa Pili mwaka 1953, alikuwa mtamu kupita kiasi kwangu, lakini wifi alimaliza na zangu. Jueni tu kwamba sandwichi huongezwa bure ukiomba, na wengi hawaombi. Keki za ghorofa ya juu ya kile kinara cha sahani haziongezwi, ila zikiwashinda wanawawekea kwenye kiboksi. Na msiiite "high tea" mkifika pale. Hiyo ilikuwa mlo wa jioni wa wafanyakazi, nyama na mkate kwenye meza ndefu ya kulia, si vijisandwichi vya kidole.

Halafu zikaja skoni, vile vimkate vya Kiingereza vya kuliwa na krimu na jamu, na hapa hasira yangu ikapata shida.

Si skonzi zetu, zile za pakiti za dukani, laini na tamu. Hizi zilikuja zimefunikwa kitambaa cheupe, zina mvuke, zimesimama wima kama minara midogo, na kila moja ina ufa wa kujipasua katikati kuzunguka kiuno. Ule ufa ndio cheti. Unaonyesha kwamba unga haukukandwa, ulikusanywa tu, siagi ikabaki vipunje baridi ndani yake, na kibati cha kukatia kilishushwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Ukizungusha unafinya ukingo, skoni inainuka upande mmoja na kulala kama mlevi. Tanuri nyuzi 220, dakika kumi hadi kumi na mbili, basi. Kisu hakihitajiki kuipasua. Unaishika juu na chini, unazungusha kidogo, inaachana yenyewe. Nilifanya hivyo na nusu mbili zikaachana bila hata chembe kuanguka. Nikakaa kimya kidogo.

Krimu yake ni ile nzito ya magharibi mwa Uingereza, ya rangi ya njano mpauko, yenye ganda juu. Waliolelewa pwani wataijua kwa jicho: ni malai. Njia ni ileile ya bibi zetu, joto dogo, muda mrefu, kisha unaengua kinachoganda juu, tofauti ni kwamba wao wanaanza na krimu, kwa hiyo ya Cornwall, mkoa wa huko, kwa kanuni ina mafuta yasiyopungua asilimia 55. Watu wa Devon, mkoa jirani, wanatanguliza krimu kisha jamu, wa Cornwall jamu kisha krimu, na wako radhi wagombane. Mimi niko na Cornwall, skoni ikiwa ya moto krimu ya chini inayeyuka na kuteleza. Kikopo kilikuwa kidogo, tukaomba cha pili, kikaja bila neno.

Nilikuwa tayari kusamehe. Kweli kabisa. Moyoni nilikuwa nimeshafika nyota nne.

Ndipo akapita msimamizi wa ukumbi, mama wa makamo, akaona vikombe viwili vimejaa na vimeota ngozi. Hakuuliza maswali. Akachukua vikombe, akarudi baada ya dakika chache na birika jingine, saa ndogo ya mchanga, na kikapu kinachoning'inia ndani ya mdomo wa birika. Akageuza saa. Mchanga ulipoisha akatoa kikapu mwenyewe, akakiweka kwenye kibakuli, akamimina.

Ilikuwa chai. Nyekundu kama shaba iliyosuguliwa, harufu imefika kabla ya kikombe, ukali unaoshika pembeni mwa ulimi na kuachia. Ukiweka maziwa inageuka rangi ya dhahabu na haizami.

Na hapo ndipo nilipokasirika kupita mwanzo. Kumbe wanajua! Vikapu wanavyo. Saa za mchanga wanazo, ziko kabatini. Ningekuta hawajui ningewahurumia, mbona mikahawa chungu nzima haijui. Lakini hawa wanajua na wanamfanyia kazi hiyo yule tu ambaye vikombe vyake vimeota ngozi mbele ya msimamizi. Chai yenyewe ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote mezani pale! Kilo moja ya chai ya kawaida kwenye mnada wa Mombasa ni dola chache, na kilo hiyo inatoa vikombe mia nne. Majani ya birika letu hayafiki senti tano za dola. Hiyo pauni themanini tumelipia nini kama si mtu wa kupasha birika na kuhesabu dakika tatu?

Mkienda, na sisemi msiende, skoni zile nazitaka tena hata sasa, semeni wakati wa kuagiza: birika lipashwe, maji yachemke, kikapu kije mezani. Ombeni na kibakuli cha kukiwekea, vinginevyo mtaacha kikapu kinadondoka kwenye kitambaa cheupe. Ikija hafifu msisubiri, rudisheni mara moja.

Bili ikaja na asilimia 12.5 ya ada ya huduma. Ada hiyo ni hiari, mtu ana haki ya kuomba iondolewe. Nikaomba iondolewe. Mhudumu wetu akaenda kuirekebisha na wifi akaninong'oneza kwamba tangu Oktoba 2024 sheria ya huko haimruhusu mwajiri kujichukulia fungu lolote la ada hiyo, inagawiwa wafanyakazi, na anayekata skoni jikoni huenda naye yumo. Wifi yangu huyu ana ubaya wa kusema kweli wakati usiofaa. Nikamwita kijana, nikamwambia airudishe. Alinitazama kama mgonjwa.

Tulipoinuka, birika la kwanza lilikuwa bado kwenye kimeza cha pembeni, limejaa, mfuniko wazi, majani yamevimba mpaka juu.