Kuimba au kugoma kwa ajili ya Palestina

Desemba 2017 Lorde, mwimbaji wa New Zealand, alifuta onyesho lake la Tel Aviv lililopangwa Juni 2018, baada ya kuandikiwa barua ya wazi iliyomsihi aigomee Israeli. Mgomo una uzito, maana msanii huacha pato lake. Lakini gumzo lote likamwangukia yeye, si Wapalestina.

Macklemore, rapa wa Marekani, aliimba. Wimbo wake wa Mei 2024 umebeba jina la Hind Rajab, mtoto aliyeomba msaada kwa simu akiwa garini kati ya miili ya jamaa zake, kabla hajauawa Gaza Januari mwaka huo. Mapato aliyaelekeza UNRWA, shirika linalohudumia wakimbizi wa Kipalestina.

Mgomo nauheshimu, ila mimi nauchagua wimbo: maelfu ya vijana wamelijua jina la Hind kupitia huo.