Jino la duara au jino la mkia wa mraba kwa mashine ya kusaga visiki?

Wanunuzi wengi wa meno ya mashine ya kusaga visiki huanza kwa kuuliza bei ya jino moja, na bei hiyo peke yake huwapotosha. Afadhali kuuliza jino lina makali mangapi, kulibadilisha kunachukua muda gani, na kisiki kimeota kwenye udongo wa namna gani. Tukipima hivyo, meno ya duara kama ya chapa ya Greenteeth ndiyo tunayoyapa nafasi ya kwanza kwa mashine ndogo na za kati, kwa sharti kwamba ardhi haina mawe mengi.

Jino la duara lina kisahani cha tangsteni kabaidi, kitu kigumu sana cha kukatia, usoni na mkia wenye nyuzi za skrubu unaopita kwenye kishikio kilichofungwa kwenye gurudumu la mashine, kisha hukazwa kwa nati moja nyuma. Linakata kwa sehemu tu ya duara lake. Sehemu hiyo ikiwa butu, legeza nati, gonga mkia taratibu kwa nyundo ya plastiki, safisha mahali linapokaa, zungusha jino theluthi moja, kaza tena. Kwa hiyo gurudumu lenye meno 16 lina makali 48 kabla jiwe la kunolea halijaguswa. Faida kubwa zaidi ni kwamba kishikio hakifunguliwi, na bolti zinazokibana kwenye gurudumu hazisumbuliwi. Usipige kabaidi yenyewe kwa nyundo ya chuma; ni ngumu sana lakini humeguka kama kigae.

Udhaifu wake ni huohuo: ukingo ni mwembamba. Kwenye changarawe au mabaki ya zege, ukingo unamegeka na theluthi nzima inapotea kwa pigo moja. Hapo jino la zamani la mkia wa mraba, lenye pande nene la kabaidi, linavumilia zaidi. Lakini linadai umakini. Huja la kushoto, la kulia na la wima, na ukichanganya pande, gurudumu litakata upande mmoja na kusugua upande mwingine. Urefu wa kila jino lazima upimwe kwa kipimo kimoja, kwa sababu jino lililochomoza kuliko wenzake hubeba mzigo wao wote na ndilo huvunjika kwanza.

Kabaidi nazo hazifanani. Yenye kobalti nyingi, metali inayoshikanisha chembe za kabaidi, huhimili mapigo lakini huisha makali mapema. Yenye kobalti kidogo hukaa na makali muda mrefu lakini humeguka upesi. Muuzaji asiyeweza kukueleza jino lake ni la aina ipi, mwache.

Watu hukagua meno ya mzingo wa gurudumu na kusahau ya ubavuni, na hapo ndipo gurudumu linapoharibika. Mashine hii husaga kwa kuyumba kushoto na kulia, hivyo meno ya ubavu ndiyo hufungua njia ya gurudumu kupita. Yakiisha, bamba la gurudumu na vichwa vya bolti huanza kusugua mti. Utaona unga laini badala ya vipande vya mbao, mashine itarukaruka, mkanda utanuka kuungua, na mwendeshaji ataongeza nguvu akidhani injini imechoka. Kusugua huko kukila vichwa vya bolti, kuzifungua baadaye huwa kazi ya grenda.

Kwa injini yenye nguvu ndogo, chagua vishikio vifupi na vyembamba, maana kila unene unaopita ndani ya mti hula nguvu. Kuongeza meno kwenye gurudumu dogo hakuongezi kasi: kila jino hupata tonge dogo mno, na injini inazidiwa.

Gurudumu lenyewe halihitaji kubadilishwa mara kwa mara. Litupe likiwa limepinda, lina ufa, au matundu ya bolti yamekuwa na umbo la yai, kwa sababu kishikio kitacheza hata ukikikaza vipi.

Kabla ya kufunga vishikio na meno, zima injini, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi kama ni ya petroli, na zuia gurudumu kwa kabari ya mbao. Kwangua rangi na kutu mahali kishikio kinapokaa. Rangi ikisagika baadaye, bolti hulegea. Tumia bolti mpya za daraja lililotajwa kwenye kitabu cha mashine na spana ya kupimia mkazo. Usipake grisi kwenye nyuzi kama kitabu hakijasema, maana kipimo cha mkazo kitadanganya.

Kunoa kunahitaji jiwe la kijani la silikoni kabaidi au gurudumu la almasi. Jiwe la kijivu la kawaida linapasha moto tu. Gusa kidogokidogo, fuata pembe ya awali, acha jino lipoe lenyewe. Ukilitumbukiza kwenye maji likiwa moto, kabaidi itapasuka. Vaa barakoa inayochuja vumbi laini, kwani vumbi la kobalti hudhuru mapafu.

Jino moja likivunjika, badilisha pia lile la upande wa pili wa gurudumu, meno hayo mawili yawe na uzito sawa, la sivyo mtetemo utaanza kula beringi. Saga kwa muda mfupi, zima, kisha pitia bolti zote tena kwa spana.