Mkokoteni wa punda kutoka karakana ya Ngaramtoni: matandiko mazuri, kiti bado

Kama unatafuta mkokoteni wa punda huku Arusha, na atakayeuendesha ni mtu unayempenda, nenda Ngaramtoni. Karakana ninayoisema haina kibao. Shika barabara ya Namanga, ukifika sokoni muulizie fundi wa mikokoteni anayechomelea chini ya mkaratusi, mtu yeyote atakuelekeza.

Nimenunua kwake mkokoteni wa punda mmoja pamoja na matandiko yote, yaani mikanda ya kumfungia punda, kwa Sh 680,000. Mjini nilikuta ya Sh 500,000, na ukitazama haraka huoni tofauti: bodi ya mbao, ekseli ya gari dogo, matairi yaliyotumika. Tofauti iko kwenye mikanda na pale mkokoteni unaposhikana na mnyama. Hapo ndipo madereva wanapofia, na hapo ndipo nilipokubali kuongeza hela.

Dereva wangu ni mtoto wa kaka yangu. Anasomba maji, na mavuno yakifika anashusha mahindi na maharage ya watu kutoka mashamba ya juu. Anayezijua njia zetu za mlimani anajua ninachosema: kiangazi ni vumbi jepesi linaloficha mawe, masika ni makorongo, na kila mzigo unateremka. Kupanda si shida kubwa, maana punda akichoka anasimama. Shida ni kuteremka, kwa sababu mkokoteni wenye madumu 12 una kilo 240 za maji peke yake, na hizo kilo zote zinataka kumpita punda.

Mkanda wa nyuma ndio unaozuia hayo. Unazunguka mapaja ya punda na kufungwa kwenye mikono ya mkokoteni, ile miwili inayopita ubavuni mwa punda, pande zote mbili, ili mzigo unaposukuma, punda auzuie kwa makalio yake. Mikokoteni mingi ninayokutana nayo barabarani haina. Ina mkanda wa kifua wa kuvutia tu, basi. Mwaka juzi kijana mmoja wa huku kwetu aliteremka na maji hivyohivyo, mkokoteni ukampiga punda miguuni, punda akatoka mbio. Kijana alikuwa amekaa mbele, juu ya mkono wa mkokoteni. Akadondoka mbele ya gurudumu. Msibani nilisikia watu wakiambiana kwamba ajali haina kinga, nikaumia mara ya pili. Kinga ilikuwepo: mkanda mmoja, upana wa kiganja.

Fundi huyu anautengeneza mkanda wa turubai nene la lori, amelikunja mara tatu, na upande wa ndani ameshonea blanketi. Nimemwangalia punda wetu mapajani msimu mzima, hana kidonda. Hilo peke yake linamtofautisha na wale wanaokufungia kamba ya manila na kuita matandiko.

Nayajua mambo haya kwa sababu nilifanya kazi miaka mingi kwenye mazizi ya farasi Usa River. Bosi wangu alikuwa mama wa Sweden, amekulia karibu na uwanja wa mbio za vigari. Kila Jumapili ya mwisho ya Mei kazi ilisimama, wote tukakusanyika kutazama Elitloppet, mbio kubwa ya uwanja wa Solvalla kule Stockholm. Mtu hampandi farasi katika mbio hizi. Farasi anavuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, dereva ameketi chini kabisa nyuma ya mkia, miguu ameitanua mbele kwenye vikanyagio huku na huku. Hakuna mkanda wa kiti. Farasi haruhusiwi kwenda shoti, lazima ashike mwendo wake hadi mwisho, na wanakimbia wamebanana, gurudumu la huyu karibu liingie kwenye miguu ya farasi wa yule.

Bosi alinifundisha kuangalia mbio zile kwa macho ya dereva. Mwaka 2022, kwenye uwanja wa Meadowlands kule New Jersey, farasi aitwaye Bulldog Hanover alimaliza maili moja, kama mita 1,609, kwa muda usiofika dakika 1 na sekunde 46. Piga hesabu, ni karibu kilomita 55 kwa saa. Kibao chetu cha 50 kwenye makazi ya watu, farasi yule angekipita akiwa na binadamu nyuma yake aliyekaa kwenye kiti kidogo kisicho na hata mgongo. Farasi wa mbele akianguka, wa nyuma hawana pa kukwepea. Dereva anarushwa, na kinachomfuata ni kwato za wenzake.

Hata bingwa haponi. Billy Haughton alikuwa miongoni mwa madereva wakubwa kabisa wa Marekani: mbio zaidi ya 4,900 alishinda, na Hambletonian, mbio yao ya heshima iliyoanza mwaka 1926, aliichukua mara 4. Tarehe 5 Julai 1986 alipata ajali kwenye uwanja wa Yonkers, New York, akaumia kichwa. Tarehe 15 akafariki, akiwa na miaka 62. Nafikiri sana juu ya mtu huyu. Uzoefu wa maisha yake yote ulikuwa mikononi mwake siku ile, na haukutosha. Ndiyo maana sivumilii mtu akiniambia kijana wangu ni hodari, atajua tu kumshika punda. Uhodari ni mzuri, lakini dereva anahitaji na kifaa cha kumlinda siku uhodari unapoishia.

Wenzetu wa vigari walibadilisha vifaa. Viwanja vingi vya Amerika Kaskazini viliing'oa reli ya ndani ya uwanja, kwa sababu kigari kikibanwa kilikuwa kinaigonga na dereva hana pa kutokea. Siku hizi wanaweka nguzo nyepesi zinazolala zikiguswa. Spoku za magurudumu wamezifunika kwa bamba ili kwato isipenye. Helmeti ni lazima, na wengi huvaa na fulana ya kinga chini ya jezi. Na kigari hufungwa kwa kifungo cha haraka, ili farasi akianguka atolewe mara moja kabla hajaanza kurusha mateke.

Hicho kifungo ndicho kilichonipeleka Ngaramtoni. Niliambiwa kuna fundi anayekitengeneza kwa akili yake mwenyewe, na ni kweli. Kwenye kila mkono wa mkokoteni ameweka pini ya chuma yenye pete. Mkanda wa kifua na mkanda wa nyuma vyote vinaishia kwenye pini hiyo. Unavuta pete ya kushoto, unavuta ya kulia, punda yuko huru. Nilimwambia, "Fundi, nionyeshe ukiwa na mzigo, bila mzigo kila kitu kinafunguka." Akapakia mifuko ya saruji, akainamisha mkokoteni mpaka mikanda ikakaza kabisa, akasema, "Mama, vuta mwenyewe." Nikavuta. Ya kulia ilitoka laini, ya kushoto ilikaza kidogo, akaipiga tupa mbele yangu bila kunung'unika.

Masika hayo punda wetu aliteleza akalalia ubavu kwenye mtaro, mkokoteni umeegemea juu yake. Kijana alivuta pete zote mbili, punda akainuka mwenyewe, akatikisa masikio, akaanza kula majani. Zingekuwa kamba zenye mafundo, na zimelowa, kijana angeingia katikati ya miguu ya punda aliyepagawa kutafuta kisu kinapopita. Punda ni mdogo ukimlinganisha na farasi, lakini teke lake kichwani linatosha kuua.

Sasa mapungufu, na la kwanza ni zito. Dereva hana mahali pa kukaa. Fundi anaweka ubao mmoja mbele, hauna pa kukanyagia wala pa kushika, kwa hiyo kijana anarudi kulekule kunakoua: juu ya mkono wa mkokoteni, mbele ya gurudumu. Dereva wa kigari cha mbio angalau ana vikanyagio, na magurudumu yako pembeni yake. Wetu akidondoka, gurudumu linamfuata. Kwa sasa nimemkataza mtoto wa kaka kupanda akiwa na mzigo. Anatembea upande wa kushoto, hatamu mkononi. Lakini mimi siko naye njia nzima, na jioni mwili ukichoka najua anapanda.

Breki ipo, na ni nzuri: kipande cha mbao kilichovishwa raba ya tairi kinachobana gurudumu. Tatizo mkono wake ulikuwa mbali, ukitaka kuufikia unaachia hatamu. Niliporudi kulalamika fundi alikubali kuusogeza bila malipo, lakini "kesho kutwa, mama" ilirudiwa mpaka nikachoka kuisikia. Anafanya kazi nzuri peke yake na oda zinamzidi, naelewa, ila kwa jambo la breki mteja hapaswi kubembeleza. Viakisi mwanga vya nyuma aliweka viwili vyekundu. Kwa malori ya Namanga usiku havitoshi, ongeza vyako.

Helmeti hauzi, na nilipomuuliza aliniangalia kwa mshangao. Nilimnunulia kijana kwenye duka la vifaa vya pikipiki mjini, ile ya wazi usoni, kwa sababu ya kufunika uso inapika kichwa kwa jua letu na inamzuia kusikia gari linalokuja nyuma. Kabla ya kulipa chungulia ndani: pawe na lile povu gumu jeupe, nene, halafu kamba ya kidevuni ishike kweli. Povu hilo ndilo linalobondeka ili fuvu lisibondeke, na likishabondeka mara moja kazi yake imekwisha, tupa. Vijana wenzake walimcheka wiki za mwanzo. Wamekoma.

Kati ya nyota tano nampa nne. Moja nimeizuia kwa ajili ya kiti, na nimemwambia hivyo usoni. Alinyamaza kidogo, akachora kwa chaki kwenye bamba la chuma: kiti nyuma ya ekseli kidogo, chuma cha kukanyagia, na kinga ya bomba pande mbili inayopita juu ya gurudumu. Ameniambia ni Sh 70,000 zaidi. Nimelipa nusu.

Ukienda kwake, iagize seti hiyo kabla hajaanza kuchomelea, maana kuibandika baadaye ni lazima aivunje bodi. Na mpeleke punda wako mwenyewe akapimwe. Fundi ana kipimo cha kawaida anachokitumia kwa wote, lakini mkanda wa nyuma ukikaa juu sana unaingia chini ya mkia, ukikaa chini sana unamkwamisha hatua kwenye mteremko. Mwambie aupime punda akiwa amesimama na mikono ya mkokoteni imeshafungwa, na wewe usimame hapo mpaka amalize.