Microsoft To Do: tathmini ya mshona sare aliyeitumia mwaka mzima

Ninaendesha duka dogo la kushona sare za shule mjini Morogoro, nina mafundi wawili, na nyumbani ninamwangalia mama yangu anayetumia dawa za presha. Kwa miaka mingi shughuli zote hizo niliziandika katika kaunta buku moja, na kila asubuhi nilinakili upya kazi zilizosalia jana, hata ikafika siku ambapo orodha ilijaza kurasa mbili kabla sijafungua duka. Januari ya mwaka jana, msimu ambao kila mzazi anataka sare kwa wakati mmoja, oda ya watoto watatu wa familia moja ilibaki katika ukurasa wa nyuma, na watoto hao wakafungua shule bila sare. Aibu ile ndiyo iliyonifanya nitafute utaratibu mwingine.

Programu ya kuorodhesha kazi niliyoichagua ni Microsoft To Do, ambayo ni ya bure, inafanya kazi katika simu na kompyuta, na inahitaji tu uwe na akaunti ya Microsoft. Ilizinduliwa mwaka 2017 kuchukua nafasi ya Wunderlist, programu iliyotengenezwa Berlin, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2015 na kufungwa mwaka 2020. Bando likiisha, simu inaendelea kupokea kazi mpya na kuzioanisha na kompyuta intaneti inaporudi.

Sehemu iliyobadilisha siku zangu inaitwa Siku Yangu. Kila usiku wa manane sehemu hiyo hujisafisha yenyewe, ijapokuwa kazi ambazo hazijakamilika hubaki salama katika orodha zake za kawaida, hivyo asubuhi unakutana na ukurasa mtupu na kulazimika kuchagua upya utakachofanya leo. Programu inakupendekezea kazi zilizopitiliza tarehe na zile ulizoziacha jana, lakini haikuwekei hata moja bila idhini yako. Mwanzoni niliona ni usumbufu kuchagua kila siku, hadi nilipotambua kwamba katika daftari nilikuwa ninanakili tu bila kuchagua, na kununua vifungo kulikuwa na uzito uleule na kumpeleka mama kliniki. Sasa ninachagua kazi tano, sita zikizidi sana, na nyingine zote ninaziacha zilipo bila kuzifikiria mpaka kesho yake. Nimegundua pia kwamba kazi ninayoikataa asubuhi nne mfululizo mara nyingi haikuwa na ulazima, nami huifuta.

Kazi za kujirudia nazo zimepangwa vizuri. Kodi ya makadirio, ambayo kwa biashara inayofuata mwaka wa kalenda hulipwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa awamu nne, mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, nimeiwekea ukumbusho wa kila miezi mitatu kuanzia tarehe 20 Machi, ili nibaki na siku za kutafuta fedha. Dawa za mama zinajirudia kila mwezi. Jambo la kuzingatia ni kwamba zamu inayofuata haitokei mpaka uweke alama ya vema kwenye iliyopo. Ukilipa kodi ukasahau kuweka alama, usitarajie kukumbushwa awamu ya pili.

Kila kazi inaweza kugawanywa katika hatua, nami oda moja huigawa hivi: kupima, kukata, kushona, kutia vifungo, kupiga pasi. Kasoro yake ni kwamba hatua haziwezi kuwekewa tarehe zake zenyewe, na kwa mtu ambaye kazi zake zinategemeana kwa siku hilo ni pengo kubwa. Kwa oda za shule nzima ninalazimika kuandika kila hatua kama kazi inayojitegemea, na orodha inarefuka tena.

Mwenzangu anayewaza saa kwa Kiswahili awe makini anapoweka ukumbusho. Saa tatu asubuhi huwekwa kama 9:00, na atakayeandika 3:00 kwa mazoea ataamshwa alfajiri ya saa tisa.

Orodha inaweza kushirikishwa kwa kumtumia mtu kiungo, na mmoja wa mafundi wangu huona oda zinapoingia hata nikiwa sokoni kununua vitambaa, jambo lililopunguza sana simu za kuulizana. Fundi wa pili hana simu janja, kwa hiyo kwake ninaendelea kutoa maelezo kwa mdomo kila asubuhi, baada ya kumaliza kuchagua kazi zangu. Vipimo vya wateja bado vimo katika kaunta buku, juu ya meza ya kukatia, kwa sababu anayekata anahitaji kuviona akiwa na mkasi mkononi.